Papa Noeli asije usiku

Wandugu, Desemba bado haijaingia lakini kwenye grupu yetu ya WhatsApp ugomvi wa Noeli umeshaanza. Swali ni moja: zile ndevu nyeupe tuzitoe tena kwenye mfuko, ao tuziache humo zioze? Kwa wale wasiojua ugomvi huu ulitoka wapi, tutaanza mwanzo, juu tulikosa sisi wenyewe na ni vizuri tuseme sisi wenyewe kabla wengine hawajatusemea.

Sisi ni vijana tunaokaa Muhokya, kwenye barabara inayotoka Kasese kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe. Wengi wetu tulivuka kutoka Beni, Oicha, Mbau na vijiji vya kando yake. Wengine kati yetu si wakimbizi wa karata, ni watoto wa Kilembe. Mto Nyamwamba ulibomoa nyumba zao Mei 2020, wakaletwa kambini hapa hapa Muhokya. Kinande chetu na Lukonzo lao vinasikilizana, na pale visiposikilizana tunaingiza Kiswahili. Kila mwaka kabla ya Noeli tunafanya siku moja ya watoto: mupira, ngoma, chai na mkate. Hatuna ofisi wala motokari. Tuko na mti wa mwembe na sufuria mbili za kuazima.

Mwaka jana mgeni mmoja alituachia nguo kamili ya Papa Noeli: koti jekundu, kofia, mkanda, ndevu za pamba zenye kamba ya kuvuta nyuma ya masikio. Tulifurahi sana. Wenye walikulia Beni mjini walikumbuka vile baba zao walikuwa wanawaambia, kabla vita haijaharibu kila kitu, ya kwamba Papa Noeli atapita. Basi tukamchagua mmoja wetu mrefu, yule anayefundisha watoto mupira, akubali kuvaa. Kiisha tukapita nyumba kwa nyumba wiki moja mbele tukitangaza: Papa Noeli anakuja tarehe 24. Anakuja usiku, wakati mumelala. Anajua nani alikuwa na adabu mwaka mzima na nani alikuwa mkaidi. Asubuhi mutakuta kitu kwenye mlango.

Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kwenye lile neno "usiku". Tulisema tu kama vile tulisikia kwenye televisheni.

Siku ya tatu mama mmoja akaja kwa haraka, kitenge amefunga vibaya, hata salamu hakumaliza. "Munaambia batoto nini? Wangu halali." Mtoto wake ana miaka sita. Usiku wa kwanza alimuuliza mama yake: Papa Noeli ataingilia wapi? Mama akamwambia ataacha vitu nje. Mtoto akanyamaza kidogo, kiisha akauliza: "Anakuja peke yake ao bako bengi?" Usiku wa pili aliuliza kama ana panga. Usiku wa tatu mama aliamka akamkuta mtoto ameketi karibu na mlango. Alikuwa amefunga komeo kwa kamba ya jerikani, amezungusha mara nyingi sana mpaka asubuhi ilibidi wakate na kisu.

Yule mtoto alitoka kijiji cha upande wa Mbau akiwa amebebwa mgongoni. Yeye mwenyewe hakumbuki kitu. Lakini anasikiaka wakubwa wakisimulia, na wakubwa wanasimuliaka jioni, wakidhani watoto wamelala.

Sasa tuseme wazi, juu kuna wasomaji wetu wa mashirika ambao labda hawajafika upande ule. Kwa mtoto wa London ao Chicago, mzee wa ndevu anayeingia nyumbani wakati watu wote wamelala, amebeba mfuko, anajua majina ya watoto, ni habari ya furaha. Kwa mtoto wa Beni, watu wanaokuja usiku na wanajua ni nyumba gani wanaingia, hiyo ni habari nyingine kabisa. Kwetu mauaji yameendelea tangu Oktoba 2014. Na Noeli yenyewe haikuachwa salama: tarehe 25 Desemba 2021 bomu lililipuka katika mgahawa mjini Beni, watu wakiwa wanasherehekea. Hata ng'ambo hii tulipokimbilia, usiku wa 16 Juni 2023, wauaji waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe, wanafunzi wakiwa kwenye mabweni. Waliokufa walipita 40. Kutoka Muhokya mpaka pale ni mwendo wa motokari mfupi tu. Miezi mingi baada ya siku ile, hapa kwetu mtu akigonga mlango saa mbili za usiku alikuwa anasema jina lake kwanza ndiyo anagonga.

Halafu sisi, wenye kujua hayo yote, ndio tukapita nyumba kwa nyumba tukiahidi watoto mgeni wa usiku.

Tuligeuza mpango. Tarehe 24 usiku hakuna mtu aliyetembea. Tulifanya siku ya watoto tarehe 23, saa nane za mchana, jua likiwaka. Yule mrefu alitokea nyuma ya nyumba na koti lake jekundu akitoka jasho sawa mtu amebeba saruji. Wakubwa walipiga makofi. Watoto nusu walikimbia. Wadogo walijificha nyuma ya mama zao, na wawili walilia kilio kile ambacho si cha mchezo. Yule mrefu alisimama katikati hajui afanye nini. Mwishoni akavuta ndevu, akazishusha mpaka kidevuni, akasema: "Ni mimi!" Kulikuwa kimya kidogo. Kiisha mtoto mmoja akapaza sauti: "Eh! Ni yaya wa mupira!"

Ndipo sherehe ilianza. Watoto walimrukia. Kila mmoja alitaka kuvaa zile ndevu. Zilizunguka kwa vichwa zaidi ya thelathini, zikawa nyeusi kwa jasho na vumbi, na kila aliyezivaa alibadilisha sauti akawa mzee, akauliza wenzake kama wana adabu, wenzake wakajibu "hapana!" wakicheka mpaka kulala chini. Hatukuwa tumepanga hilo. Katika miaka yetu yote ya siku za watoto hatukuwahi kuona saa moja tamu kama ile, na ilianza pale siri ilipoanguka.

Basi sisi wengi wetu tumefika hapa: watoto wetu wapewe Papa Noeli kama mchezo, ndevu wakizishika na mikono yao. Wasipewe kama mtu wa kweli anayewatembelea usiku. Tunajua si wote mutakubali. Hata kwenye grupu hatukukubaliana wote, na mama mmoja alitushinda kwa maneno, tutafika kwake.

Kwanza hili la adabu. Siku ile tulikuwa na pakiti 60 za biskuti na bombo, na watoto walifika zaidi ya 80. Hesabu hiyo ni aibu yetu, hatutaikwepa. Tuligawa mpaka zikaisha, tukaanza kukata pakiti mara mbili, na bado wengine walirudi mikono mitupu. Msichana mmoja, labda miaka tisa, hakulia wala hakusukuma. Alimwambia mwenzake polepole, na mmoja wetu alikuwa karibu akasikia: "Mimi niliibaka sukari, ndiyo maana." Sukari ile aliichota kidogo kwenye kopo la jirani ili amtilie mdogo wake kwenye uji. Tulikuwa tumesema mzee anajua yote. Mtoto alikaa akajifanyia hesabu ya mwaka mzima, akakuta kosa, akaona jibu linafaa.

Kumbe jibu la kweli lilikuwa rahisi: sisi tulihesabu vibaya. Mtoto aliye na vyote anaweza kuambiwa zawadi zinafuata adabu, na kila mwaka itaonekana kuwa kweli, juu zawadi huwa zinafika. Mtoto wetu akiambiwa vile, ataelewa kwamba umasikini wa mama yake ni dhambi yake yeye. Na ukitazama vizuri utakuta watoto wenye adabu kupita wote, wale wanaochota maji alfajiri na kulea wadogo zao, ndio hao hao ambao hawapati kitu.

Kuna neno lingine, hili linatuuma zaidi. Kuna mama zetu hapa wanaovunja mawe ya chokaa. Mikono yao ukiishika ni sawa mawe yenyewe. Mmoja aliweka shilingi mia tano, elfu moja, tangu mwezi wa nane mpaka wa kumi na mbili, akamnunulia binti yake rinda la mitumba, zuri, lenye utepe. Halafu asubuhi ya Noeli, kwa sababu yetu sisi na matangazo yetu, akamwambia binti: ona Papa Noeli amekuletea! Binti alitembea na rinda lile siku nzima akimshukuru mzee wa kizungu ambaye hajavunja jiwe hata moja. Mama alicheka na yeye. Sisi tuliona aibu. Mtoto alinyimwa kujua ni nani anayempenda hivyo.

Wandugu, tukiwa wakweli, si watoto peke yao. Na sisi wakubwa tuko na Papa Noeli wetu. Anakaa mbali, kwenye nchi za baridi. Hatumuoni. Ana listi, na kwenye listi ile jina linaingia ao linatoka bila kujua kwa nini. Tunaambiwa tungoje na tuwe na subira. Akipita tunafurahi, asipopita tunatafuta kosa letu: labda nilijibu vibaya kwenye intavyu, labda jirani aliniroga, labda tarehe ya kuzaliwa iliandikwa vibaya. Tunajua familia iliyomaliza miaka mingi kwenye prosesi ya kwenda Marekani, wakagawa sufuria na vitanda, halafu Januari 2025 serikali ya kule ikafunga mlango kwa wakimbizi. Baba wa familia ile bado anauliza alikosa wapi. Hakukosa popote. Mwaka huo huo WFP ilikatia chakula wakimbizi karibu milioni moja hapa Uganda kwa sababu pesa za wafadhili zilipungua. Sisi wa Muhokya tunaokaa nje ya kambi hatukuwa kwenye hesabu ile ya chakula tangu mbele, lakini ndugu zetu wako Rwamwanja na Kyaka, na tulisikia vile watu walivyoanza kusemana: fulani aliondolewa juu ya kiburi, fulani alibaki juu anasalimia wakubwa. Ni mazungumzo ya watoto kwenye mstari wa biskuti. Ndiyo maana tunaogopa kuanza kumfundisha mtu somo hili akiwa na miaka sita. Atakutana nalo tu, akiwa mkubwa, kwenye dirisha la ofisi.

Sasa yule mama aliyetushinda kwa maneno. Alitusikiliza mpaka mwisho, kiisha akasema: "Ninyi muko vijana, hamuna watoto. Wangu wa kike ananiulizaka kila siku baba atakuja lini. Ile wiki yenu ya Papa Noeli aliuliza paka Papa Noeli atakuja lini. Nilipumzika wiki nzima." Tukamuuliza, na tarehe 26? Akatujibu: "Tarehe 26 ni yangu, siyo yenu."

Hatukuwa na jibu, na hata leo hatuna. Mzazi anayelala na mtoto chumba kimoja anajua ni dawa gani mtoto anahitaji usiku wa leo. Sisi hatutaenda nyumbani kwa mtu kumwambia mtoto wake ya kwamba mzee hayuko. Tunachoweza kusema kwake ni hiki tu: baba hajulikani alipo, na mtoto anayezoea kungoja mtu asiyekuja na kuambiwa "kesho" siku moja atashindwa kutofautisha kesho ya baba na kesho ya Papa Noeli. Labda tunakosea. Yeye alisema tunakosea.

Wengine kwenye grupu wanasema hii yote ni kelele, kwamba Papa Noeli ni utamaduni na hatuwezi kuwa watu wa kwanza duniani kumkataa. Kwanza si wa kwanza. Mwaka 1951, tarehe 23 Desemba, huko Dijon, Ufaransa, nchi ambayo Père Noël ni kama raia wake, mapadri na watu wao walichoma sanamu yake mbele ya kanisa kuu, watoto wa katekisimu wakitazama. Waliona anamfunika Yesu. Magazeti yaligombana wiki nzima. Msomi Claude Lévi-Strauss aliandika juu ya moto ule mwaka 1952, na swali lake lilikuwa zuri kuliko moto: tusiulize kwa nini watoto wanampenda yule mzee, tuulize kwa nini wakubwa walimtengeneza. Aliona ni siri inayowatenga wakubwa na watoto, siku ya kuijua ndiyo siku ya kuvuka.

Hapo tulifikiri juu ya olusumba. Wazee wetu, Wanande na Wakonzo, nao walikuwa na siri kwa wale ambao hawajaingia msituni. Lakini wakati ulipofika, waliambiwa na wakubwa wao wenyewe, uso kwa uso, na wakarudi nyumbani wakiimbiwa. Siri ya Papa Noeli inavunjwa namna gani? Mwenzako wa darasa la tatu anakucheka mbele ya watu: "We bado unaamini?" Hakuna wa kukuimbia.

Na utamaduni wa nani? Wazazi wetu waliosoma shule za mapadri wa Kibelgiji walimjua kwanza Saint Nicolas, wa tarehe 6 Desemba. Huyo alikuwa mtu wa kweli, askofu wa Myra, mji ambao leo uko Uturuki, zaidi ya miaka 1600 iliyopita. Mifupa yake iko Bari, Italia, tangu 1087. Wahamiaji wa Kiholanzi walikwenda na sikukuu yake Marekani, huko wakamnenepesha, wakamtoa kofia ya kiaskofu, wachoraji wa magazeti ya karne ya 19 wakampa sura ile tunayoijua, na watu wa biashara wakammaliza. Alipotufikia sisi kwenye kopo la biskuti alikuwa amesafiri kuliko mkimbizi yeyote wa hapa Muhokya. Hatumdharau kwa hilo. Sisi pia tumevuka mipaka.

Koko mmoja hapa yeye anacheka tu. Mtoto alimuuliza kama Papa Noeli anakaa juu kule Rwenzori, juu mwalimu alisema anapenda theluji, na theluji ya karibu ni ile ya Margherita. Koko akamjibu, "Huko anakaa mwingine." Alikuwa anasema Kitasamba, yule wa mlimani ambaye wazee walimheshimu. Kiisha akatugeukia sisi: mapasta walitukataza mzee wetu wa theluji, sasa wanamleta wa kwao kanisani na kumpigia makofi. Hatuendi ndani ya hayo, kila mtu na dini yake. Lakini tulicheka sana.

Kitu kilichotusaidia zaidi ni hadithi ya yule Nikola wenyewe, ile ya zamani. Inasema jirani yake alikuwa na mabinti watatu na hana mali ya kuwaozesha, amefika mahali pa kuwaza mambo mabaya. Nikola akatupa mfuko wa dhahabu dirishani usiku, kimya kimya, asimwaibishe yule baba. Akarudia. Mara ya tatu baba alikuwa macho, akatoka mbio, akamkimbilia, akamshika: kumbe ni jirani! Tumeisoma hii kwa sauti kwenye kikundi na watu wakanyamaza. Ndani yake hamuna listi ya adabu. Hakuna aliyewauliza wale mabinti kama walikuwa watiifu. Na yule baba alitoka nje akamjua mtoaji kwa uso.

Hapa kwetu tunawajua watu wa namna hiyo. Wakonzo wa Bwera waliotupokea na kutupa chumba cha nyuma, walituita ndugu kabla hatujaandikishwa popote. Mama wa kambi ya mafuriko ambaye naye hana kitu, anaacha viazi kwenye mlango wa mjane bila kusema. Watoto wetu wakitaka muujiza, upo. Unaitwa mama fulani, na anakaa nyumba ya tatu.

Kwa ninyi wa mashirika, tunaomba kwa heshima. Mukija na zawadi Desemba hii, mchana unatosha. Tuambieni idadi mapema, hata ikiwa ndogo, tutajua la kufanya. Tukikosa kabisa tuambieni pia, tutachemsha chai. Zawadi ipitie mkono wa mzazi, mtoto aione ikitoka kwa mama yake. Musimuulize mtoto kama alikuwa na adabu ndiyo mumpe pipi, na kama kamera lazima itoke, itoke baada ya kula. Muko na nguo nyekundu kwenye gari? Tuulizeni kwanza, tutawaambia ni watoto gani wakae karibu na mama zao. Mwaka jana tulimshukuru yule mgeni kwa nguo, na bado tunamshukuru. Hakuwa na namna ya kujua. Sisi ndio tulikuwa na namna.

Kwa baba na mama zetu, shikamooni, hatutaki kuwafundisha kulea. Tunaomba tu lile rinda museme ni ninyi mulinunua. Na mtoto akija na swali, "Papa Noeli yuko kweli?", mukiona ni vigumu kujibu, mumlete kwetu Jumamosi, tutamvalisha ndevu.

Hizo ndevu, kwa taarifa ya grupu, zimefuliwa. Sabuni ya mche haikuzirudishia weupe wote, zimebaki na rangi ya chai ya maziwa, lakini zinavalika. Siku ya watoto ni tarehe 23 Desemba, saa nane mchana, chini ya mwembe. Mwaka huu tumeanza kuhesabu watoto mapema, na hakuna pakiti itakayofunguliwa kabla hesabu haijatimia. Tutafanya mchezo wa Nikola na jirani yake, na waigizaji wote ni watoto. Yule msichana wa sukari ameomba awe baba anayekimbia na kumshika mtoaji, na anakimbia kweli, Nikola atakuwa na kazi. Mtoto aliyefunga mlango kwa kamba tulimpa kazi ya mlinzi wa nyumba. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, na sharti lake tumeliweka ndani ya mchezo: mtu yeyote anayekuja, hata kama amebeba dhahabu, aseme jina lake kwanza.